Tone Moja la Asali Mbele ya Nuru

Debi la asali likifika mbele ya mnunuzi, maneno huwa mengi. Mwenye asali husema kwamba asali yake ni nzito. Mnunuzi husema kwamba ina maji. Na watu waliosimama kando, ambao hawana debi wala fedha katika shauri lile, huwa na maneno kuliko wote wawili. Huyu huchovya kijiti na kukiinua ili aone kama uzi wa asali utakatika. Yule hudondosha tone juu ya karatasi na kungoja kuona kama italowa. Mwingine huchovya njiti ya kiberiti kisha huipiga, akiamini kwamba asali safi haizuii moto kuwaka. Mwishowe bei hukatwa kwa kuchoka, wala si kwa kujua.

Shauri la namna hiyo si geni kwa watu wa Kiirua, nchi ya Meru iliyo katika miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Huko juu pana viazi, ngano, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Lakini mtu akishuka kuelekea Isiolo, baridi ya mlima humwacha kidogo kidogo, migunga huanza, na nyuki hupata maua mengi baada ya mvua. Tena asali kwa Wameru si bidhaa ya juzi. Katika desturi yao ya ndoa, chombo cha asali huhesabiwa pamoja na mtamba wa ng'ombe, fahali, kondoo jike na kondoo dume. Mtu aliyezoea kuiheshimu asali yake kiasi hicho huumia sana akiambiwa mbele ya watu kwamba ina maji.

Siku hizi wanunuzi wengi, na vyama vingi vya wafuga nyuki, hukata shauri hilo kwa chombo kiitwacho rifraktomita. Ile ya mkononi inafanana na darubini ndogo, na urefu wake wapata shibiri moja. Ncha yake moja ina kioo kilichokatwa mshazari, na juu ya kioo hicho pana kifuniko chepesi kinachopitisha nuru. Tone moja la asali hutiwa juu ya kioo, kifuniko hulazwa ili asali itandae bila mapovu, kisha mtazamaji huielekeza ncha ile kwenye mwanga wa mchana, si kwenye jua lenyewe, akatazama kwa jicho moja katika ncha ya pili. Ndani yake huona duara lenye sehemu mbili, moja ya buluu na moja nyeupe, na mahali zinapokutana pana mstari. Mstari huo hukata ngazi ya tarakimu. Tarakimu iliyokatwa ndiyo jibu: hii asali ina maji asilimia kadha wa kadha.

Kazi yote haizidi dakika chache, nayo haina kelele. Lakini hapo ndipo ugomvi wa pili unapoweza kuzaliwa. Mnunuzi hutazama, hutamka “ishirini na mbili”, hulipangusa bomba lake na kulirudisha mfukoni. Na mwenye debi, ambaye hakuona kitu, hurudi nyumbani na mzigo wake. Kwake bomba lile limekuwa kama kibuyu cha mpiga ramli, ambacho mwenyewe tu ndiye awezaye kusoma yaliyomo. Hayo si makosa ya chombo. Mstari ule husimama mahali pamoja kwa kila jicho, la mnunuzi na la muuzaji, la mzee na la mtoto wa shule. Anayeuza ana haki ya kuomba atazame naye, na tarakimu iandikwe katika risiti kabla kioo hakijapanguswa. Ila ni lazima ajue anachokitazama, maana chombo hiki husema jambo moja tu, na hulisema kweli kwa masharti.

Kwanza yafaa ijulikane kwa nini maji ya asali yanajaliwa hivyo. Nyuki akirudi kutoka mauani huleta maji matamu ambayo sehemu yake kubwa ni maji hasa. Nyuki wa mzingani huyapokea, huyatandaza, na kuyapepea kwa mbawa zao usiku na mchana hata yakauke. Kisha huziba kila tundu la sega kwa nta. Asali iliyozibwa hivyo kwa kawaida ina maji chini ya asilimia 20. Kiasi hicho cha 20 ndicho kilichowekwa kuwa kikomo katika Codex Alimentarius, yaani kanuni za vyakula za mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, na nchi nyingi hufuata kikomo hicho. Hakikuwekwa ili kumsumbua mkulima. Katika asali yote mna mbegu za hamira zisizoonekana kwa macho. Asali ikiwa kavu, sukari yake nyingi huzinyima maji hata zisiweze kuzaana. Maji yakizidi, huamka, asali hutoa povu na harufu ya pombe, na kifuniko cha debi huvimba. Mtu aliyetaka kutengeneza pombe ya asali hafadhaiki akiona hivyo, lakini mwenye duka aliyepanga chupa 50 kwenye rafu hupata hasara yote kwa siku moja.

Tena iko hesabu ya fedha. Debi la lita 20 hubeba asali ipatayo kilo 28, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji. Asali hiyo ikiwa na maji asilimia 18, maji yaliyomo ni kilo 5 hivi. Ikiwa na asilimia 22, ni zaidi ya kilo 6. Kwa hiyo anayenunua debi la pili kwa bei ya la kwanza hulipia zaidi ya kilo moja ya maji kwa bei ya asali. Wala si lazima awe ameyatia mtu. Mara nyingi muuzaji hakutia hata tone. Alivuna mapema tu.

Basi nuru huyajuaje maji? Msomaji akisimamisha fimbo ndani ya ndoo ya maji ataiona kana kwamba imevunjika pale inapozama. Fimbo haikuvunjika, nuru ndiyo iliyopinda. Katika mahali patupu nuru huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja, na katika hewa mwendo wake karibu ni ule ule. Lakini ikiingia katika maji hupunguza mwendo hadi kilomita kama 225,000, na katika asali hadi 200,000 hivi. Ikiingia kwa mshazari, kule kupunguza mwendo huigeuza njia yake, kama vile mkokoteni ugeukavyo gurudumu moja likiingia matopeni kabla ya lingine. Kila kimiminiko kina kiasi chake cha kuipinda nuru, na kiasi hicho huandikwa kwa namba. Ya maji safi, katika joto la digrii 20 za Sentigredi, ni 1.333. Sukari ikiyeyushwa humo namba hupanda, na kadiri sukari inavyozidi ndivyo inavyopanda, kwa utaratibu usiobadilika. Anayejua namba hujua kiasi cha sukari, na anayejua sukari ya asali hujua kilichosalia kuwa maji.

Jambo hili limefikiriwa na watu wa mataifa mengi. Katika Baghdad, mnamo mwaka 984, mwanachuoni Ibn Sahl aliandika juu ya vioo vinavyokusanya nuru, na ndani ya maandiko yake imo kanuni ya kupinda kwa nuru. Mholanzi Willebrord Snell aliipata kanuni hiyo hiyo peke yake mwaka 1621, na mpaka leo shuleni huitwa kwa jina lake. Lakini kanuni si chombo. Chombo kilichoweza kutumiwa na mtu wa kawaida katika maabara, kwa tone moja tu badala ya kioo kilichojaa, kilitokana na Ernst Abbe wa mji wa Jena, Ujerumani, ambaye alichapisha maelezo yake mwaka 1874. Abbe aliweka tone katikati ya vioo viwili vya pembe tatu, viitwavyo prizimu. Nuru inayoingia kwa kuparaza uso wa kioo hupinda hadi pembe fulani, wala haiwezi kuipita. Upande mmoja wa pembe hiyo hung'aa na upande wa pili hubaki giza. Mpaka wa mwanga na giza ndio ule mstari. Kimiminiko kikibadilika, mstari huhama.

Huyu Abbe alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota nyuzi, ambaye alisimama kazini saa 14 au 16 kila siku. Mtoto alipokuwa mkubwa na kuongoza kiwanda cha vioo cha Zeiss, mwaka 1900 aliwapa wafanyakazi wake siku ya kazi ya saa nane. Jambo hilo halihusu asali, lakini makarani wanaosoma gazeti hili baada ya saa za kazi huenda wakapenda kulijua.

Kwa asali, kazi ya kulinganisha namba na maji ilifanywa Canada na mtafiti aitwaye Chataway, naye alitoa jedwali lake mwaka 1932. Mwaka 1955 Wedmore wa Uingereza akalisahihisha zaidi. Katika jedwali linalotumiwa, asali ya namba 1.4915 ina maji asilimia 18, ya 1.4890 ina asilimia 19, ya 1.4865 ina asilimia 20 barabara. Na ya 1.4840 ina 21. Kama msomaji aonavyo, tofauti kati ya asali inayokubaliwa na inayokataliwa ni ndogo mno, nayo imo katika tarakimu za mwisho. Kwa sababu hiyo uzembe mdogo wa mpimaji unaweza kumtia mtu hasara kubwa.

Uzembe wa kwanza ni wa joto. Namba zote za jedwali ni za digrii 20. Asali ikipashwa hulegea, na namba yake hushuka ijapokuwa maji yake hayakuongezeka hata kidogo. Ikipoa, namba hupanda. Kanuni ni kwamba kwa kila digrii moja iliyozidi 20, 0.00023 huongezwa katika namba iliyosomwa. Na kwa kila digrii iliyopungua, kiasi hicho hicho hutolewa.

Tuseme debi limepimwa adhuhuri ndani ya duka la mabati, na joto ni digrii 28. Chombo kinaonyesha 1.4858. Anayelichukua jibu hilo kama lilivyo atasema kwamba maji ni zaidi ya asilimia 20, na asali atairudisha. Lakini digrii zimezidi kwa nane; nane mara 0.00023 ni 0.00184, ikiongezwa, namba huwa 1.4876, na maji huwa asilimia 19 na nusu hivi. Asali ile ilikuwa nzuri. Na sasa tuseme debi jingine limepimwa Kiirua alfajiri, ukungu ukiwa bado shambani, kipimajoto kikionyesha digrii 14. Namba ni 1.4872, na kila mtu anafurahi kwa kuwa imepita kikomo. Digrii zimepungua kwa sita. Sita mara 0.00023 ni 0.00138, ikitolewa, inabaki 1.4858, na maji yamezidi 20. Asali iliyofurahiwa asubuhi itavimba debini baada ya majuma machache. Kwa hiyo joto lisiposahihishwa humpendelea mnunuzi, na baridi humpendelea muuzaji, na katika nchi ambayo mtu aweza kushuka kutoka baridini hadi kwenye jua kali la Isiolo kwa safari fupi ya motokaa, jambo hilo si dogo.

Rifraktomita nyingi za mkononi za siku hizi zimetengenezwa ili zijisahihishe zenyewe, kwa kawaida kati ya digrii 10 na 30. Hata hivyo haziwezi kufanya miujiza. Chombo kikitolewa katika mfuko wa koti lililokuwa juani, na asali ikitolewa katika ghala lenye baridi, viwili hivyo havina joto moja, na jibu la sekunde ile si la kutegemewa. Tone likishatandazwa liachwe nusu dakika au zaidi, ndipo mtu asome. Asomaye mara mbili au tatu, kwa matone kutoka juu na chini ya debi lililokorogwa vizuri, hufanya kazi ya haki. Maana asali iliyokaa hujitenga, nyepesi ikapanda juu. Tena asali iliyoganda kama sukari haipimwi mpaka iyeyushwe kwa moto wa taratibu katika chombo kilichofungwa, kwa kuwa chembe zake huufanya mstari uwe na ukungu.

Uzembe wa pili ni wa kutokirekebisha chombo. Rifraktomita zinazopima maji ya matunda hurekebishwa kwa maji safi yaliyotoneshwa, kama yale yanayotiwa katika betri za motokaa: tone la maji hayo lazima lionyeshe sifuri, na lisipoonyesha, iko skrubu ndogo ya kusogeza ngazi. Lakini ile ya asali haiwezi kurekebishwa hivyo, kwa sababu ngazi yake haifiki hata karibu na maji matupu. Hiyo huwa na mafuta yake maalumu, au kipande kidogo cha kioo kinachojulikana namba yake. Mnunuzi asiyejua kilipo kipande hicho, au aliyekipoteza mwaka juzi, hana haki ya kumrudisha mtu kwa ajili ya nusu ya asilimia. Hapo pia ndipo wengi hudanganyika wanunuapo chombo. Wauzaji huwa na rifraktomita za namna nyingi zinazofanana kwa sura. Moja ina ngazi ya 0 hadi 32 kwa ajili ya matunda, nyingine ya betri na maji ya rejeta, nyingine ya asali. Aliyenunua ya matunda akatia asali, duara lote litakuwa la rangi moja wala hataona mstari wowote.

Baada ya yote hayo, liko jambo ambalo chombo hiki hakiwezi kulijua kabisa. Hakijui nyuki. Mtu akipika sukari ya dukani na maji mpaka iwe nzito kama asali, yenye maji asilimia 18, rifraktomita itampa cheti kama impavyo mfuga nyuki mwaminifu, maana nuru hupindwa na sukari kwa namna ile ile, iwe imetoka mauani au imetoka mfukoni. Ulaghai huo hutafutwa na maabara kubwa kwa njia nyingine. Moja ni kupima aina za kaboni zilizomo, kwa sababu miwa na mahindi hujenga sukari yao kwa njia tofauti na miti mingi ya maua, na alama ya tofauti hiyo hubaki ndani ya sukari. Kwa hiyo mwenye bomba akisema “asali hii ni safi” amesema zaidi ya alichokiona. Angesema “asali hii ni kavu” angesema kweli.

Nje ya asali, chombo hiki kina kazi nyingi, na moja yake ingewafaa watu wa Kiirua labda kuliko hata asali, kwa vile ng'ombe wa maziwa ni wengi huko. Ndama huzaliwa bila kinga ya magonjwa, kwa sababu kinga ya mama haipiti kuingia katika damu yake akiwa tumboni. Huipata katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na utumbo wake huweza kuipokea katika saa za mwanzo tu. Baada ya siku moja mlango huo umefungwa. Dang'a ya ng'ombe mmoja si sawa na ya mwingine, na macho hayawezi kutofautisha, maana hata dang'a ya manjano na nzito huenda ikawa dhaifu. Wafugaji katika nchi nyingi hutia tone lake katika rifraktomita ile ya matunda. Ikionyesha 22 au zaidi, dang'a ni njema, na ndama hunyweshwa lita tatu au nne mapema, katika saa chache za kwanza. Ikiwa chini ya hapo, mfugaji humwongezea, au humpa ya ng'ombe mwingine iliyowekwa katika barafu. Ile 22 si kiasi cha sukari, ijapokuwa ngazi ilitengenezwa kwa sukari. Ni dalili tu, iliyothibitishwa kwa kulinganishwa na vipimo vya maabara. Chombo kimoja kinaweza kutumiwa na kikundi kizima cha wafugaji, na mara nyingi thamani yake ni chini sana kuliko ya ndama mmoja aliyekufa kwa kuhara.

Maziwa ya kila siku ni habari nyingine. Watu wengine wameuliza kwa nini karani wa maziwa anatumia laktomita, ile chupa inayoelea, badala ya kioo hiki. Sababu ni mafuta. Vitone vya mafuta katika maziwa huitawanya nuru hata mstari ukawa kama moshi. Maabara zilizotaka kukamata maji katika maziwa kwa njia ya nuru ziliyagandisha kwanza, zikapima maji maji yaliyochujwa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa mlangoni pa ushirika saa kumi na mbili asubuhi, foleni ikiwa ndefu.

Katika viwanda, walioitumia rifraktomita mapema na kwa wingi ni watu wa sukari. Digrii wanazosoma huitwa Brix, kwa jina la Mjerumani Adolf Brix aliyeishi toka 1798 hata 1870, na digrii moja maana yake ni gramu moja ya sukari katika gramu 100 za maji ya sukari. Kiwanda cha kwanza cha sukari katika Kenya kilianzishwa mwaka 1922 mahali panapoitwa Miwani, karibu na Kisumu, jina ambalo kwa habari ya vioo halingeweza kuwa bora zaidi. Mkulima wa miwa ana neno lake la kuuliza chombo hiki, kwa maana miwa ikilipwa kwa uzito tu, aliyekata muwa mchanga wenye maji hulipwa sawa na aliyengojea ukomae. Ila huko pia yako masharti: maji ya miwa yana chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka, na Brix huvihesabu vyote kana kwamba ni sukari, hata kiwanda hulazimika kutumia chombo cha pili ili kujua sukari hasa. Wapikaji wa jemu hawana mashaka hayo. Hupika mpaka mstari ufike 65 hivi, wakaepua.

Na wagonjwa wanaokwenda hospitali, ikiwamo ile ya misheni ya Mtakatifu Theresa hapo hapo Kiirua, huombwa mara kwa mara mkojo katika kichupa, na wachache huuliza unakwenda wapi. Vipimo vyake ni vingi, na kimojawapo ni cha uzito wake ukilinganishwa na maji. Katika maabara nyingi kipimo hicho hufanywa kwa rifraktomita, maana hutaka tone moja tu, jambo lenye faida kubwa ikiwa mgonjwa ni mtoto mchanga. Maji huhesabiwa 1.000, mkojo wa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa kati ya 1.005 na 1.030. Ukizidi kuwa mzito, huenda mtu amepungukiwa maji mwilini. Lakini sukari katika mkojo pia huipandisha namba, ndiyo sababu mganga hatoi hukumu kwa tarakimu hiyo peke yake.

Ama debi lililorudishwa kwa haki, baada ya muuzaji kutazama mwenyewe na kuona 22, lina dawa, ila dawa iko mzingani zaidi ya debini. Sega likivunwa robo tatu yake ikiwa imezibwa kwa nta, asali huwa kavu. Sega lisilozibwa hujaribiwa kwa kulishika lilale na kulitikisa kwa nguvu. Likirusha matone, halijaiva, na lirudishwe kwa nyuki. Hii ndiyo faida ya mizinga yenye vijiti juu, iliyoanza kuenezwa Kenya katika miaka ya 1970, kwamba mtu hulitoa sega moja na kulirudisha. Katika mzinga wa gogo huvunwa vyote pamoja, vilivyoiva na visivyoiva, na majana ya nyuki yakakamuliwa humo humo. Ni afadhali basi masega yatengwe kabla ya kukamuliwa, yaliyozibwa kwa ndoo yake na yaliyo wazi kwa ndoo yake. Kukamua kusifanywe siku ya mvua, wala ndoo isiachwe wazi usiku, maana asali huvuta maji kutoka hewani, na hewa ya Kiirua katika miezi ya mvua na ya ukungu ina maji ya kutosha. Ile ya ndoo ya pili itumiwe nyumbani kwanza, katika chai na uji wa watoto wakubwa, kabla hamira haijaamka; watoto walio chini ya mwaka mmoja wasipewe asali ya namna yoyote, mbichi wala kavu, kwa ajili ya mbegu za vijidudu ziwezazo kuwamo, ambazo kwa kawaida haziwadhuru watu wazima.

Kioo chenyewe husafishwa kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu mara baada ya kila tone. Kikikwaruzwa kwa mchanga au kwa ncha ya kisu, mstari hupotea, na wauzaji na wanunuzi watarudi kwenye njiti ya kiberiti.